Kujifunza Kiingereza kwa mbali ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa sekondari

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali Tandahimba, Nanyumbu au Liwale amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Januari akiingia kidato cha kwanza, baiolojia inamjia kwa Kiingereza, jiografia hivyohivyo, hisabati hivyohivyo. Asiyekielewa Kiingereza hafeli somo moja tu, anayumba karibu kila kipindi.

Mwongozo huu ni wa kusoma bila mwalimu kuwa mbele yako, kwa simu ya nyumbani, memori kadi, daftari na watu wachache wa kukusahihisha. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo kazi yote hapa ni ya nyumbani: jioni, wikiendi, likizo ya Juni na ya Desemba, na ile miezi ya kusubiri kati ya mtihani wa darasa la saba na kuanza kidato cha kwanza. Utaratibu wake ni huu: unaingia mtandaoni mara moja kwa wiki kuchukua mzigo, kisha unasoma siku zilizobaki bila bando. Anayepanga kusoma mtandaoni kila siku hukwama mapema, bando likiisha, mtandao ukisumbua au simu ikizima usiku umeme haupo. Mei 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Mwenye masomo kwenye memori kadi hali kama hiyo haimgusi.

Kwanza, jua umeanzia wapi

Usikisie. Chukua kitabu chako cha kiada cha baiolojia au jiografia, fungua ukurasa ambao hamjaufikia darasani, hesabu maneno 100 mfululizo na upige mstari chini ya kila neno usilolijua. Maneno 5 au pungufu: kitabu kinakufaa, soma. Maneno 6 hadi 10: utakisoma kwa kamusi, polepole. Zaidi ya 10: hapo husomi, unabahatisha, na lazima ushuke kwenye matini nyepesi kwanza hata kama uko kidato cha tatu. Wengi hukwama kwa sababu ya aibu ya kushuka.

Halafu jirekodi dakika moja ukijibu swali hili bila kuandika: "What did you do yesterday?" Usiisikilize sasa. Iandike tarehe, ihifadhi. Mwisho, andika mistari kumi kuhusu kazi moja unayoijua kwa mikono yako, kama kuokota korosho, kuvua, kuuza genge. Karatasi hiyo nayo itunze.

Vifaa

Simu janja ya kawaida inatosha, iwe ya mzazi au ya kaka. Kinachotakiwa ni sehemu ya memori kadi, na kadi ya GB 16 au 32. Nunua kwenye duka unaloweza kurudi, kwa sababu kadi bandia huonyesha GB 32 lakini ukijaza kidogo mafaili yanaharibika. Ijaribu palepale dukani kwa kunakili faili kubwa na kulifungua. Ongeza spika za masikioni za waya, kaunta buku moja la kwaya mbili, na kalamu nyekundu.

Kama nyumbani kuna kitochi tu, usikate tamaa. Vitochi vingi vinapokea memori kadi na kucheza mafaili ya sauti, vingine vinarekodi. Mtu mwenye simu janja anakupakulia, anakuwekea kwenye kadi, unabaki na sauti na maandishi uliyonakili kwenye daftari.

Siku ya kupakua

Chagua siku moja, tuseme Jumamosi, mahali mtandao unaposhika vizuri. Ukiwa na bando la usiku, tumia hilo. Kabla ya kuwasha data fanya mambo mawili ambayo wengi huyasahau, halafu wanalalamika bando limeliwa: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe, na kwenye duka la programu uzime masasisho ya kujiendesha. Simu ya familia yenye magrupu ya harusi na ya kijiji inaweza kumaliza MB 500 kabla hujafungua somo hata moja.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Sauti ya ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, inakula karibu MB 1 kwa dakika, hivyo kipindi cha dakika sita ni takriban MB 6. Video hula mara kadhaa zaidi ya hapo kwa dakika hata ukiishusha hadi 360p. Kwa hiyo mzigo wa wiki uwe sauti na maandishi, na video moja tu fupi, ile inayoonyesha midomo inavyotamka. Sauti tatu na maandishi yake hazifiki MB 30.

Vya kupakua hutegemea ngazi yako. Aliyepata zaidi ya maneno 10 aanze na hadithi za African Storybook, ambazo ni za bure na nyingi zina toleo la Kiswahili na la Kiingereza. Ni za watoto, ndiyo, lakini soma hadithi mbili kila jioni kwa mwezi uone. Aliye katikati achukue masomo ya kusikiliza ya British Council yaliyoandaliwa kwa vijana, ngazi ya A1 na A2. Herufi hizo ni vipimo vya kimataifa, A1 ikiwa ya chini kabisa. Kipindi cha "6 Minute English" cha BBC Learning English ni kizuri na kina maandishi yake, ila kinamfaa zaidi wa kidato cha tatu na nne. Wa kidato cha kwanza akikivamia atachoka wiki ya kwanza. Kwa masomo ya darasani, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada, na Shule Direct wana notisi za masomo ya sekondari.

Ukimaliza kupakua, weka simu kwenye hali ya ndege na ufungue kila faili moja baada ya jingine. Hatua hii hairukwi. Kuna mafaili yanayoonekana yamepakuliwa kumbe ni kiungo tu, na utagundua ukiwa umesharudi Kitangari ambako mtandao ni wa kuvizia. Yaliyofunguka, warushie wenzako kwa bluetooth. Watu wanne wakipeana zamu ya kupakua, kila mmoja anatumia bando mara moja kwa mwezi.

Dakika 50 kwa siku, na msimu wa korosho

Dakika 10 kadi za maneno, 15 kusikiliza, 15 kusoma, 10 kusema au kuandika. Siku tano kwa wiki. Siku ya sita ni ya kupakua na kutuma kazi ikasahihishwe, ya saba pumzika.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba kaya nyingi za huku zipo mikorosho asubuhi, na mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne nayo inaangukia Novemba. Usijidanganye kwamba utasoma dakika 50 baada ya kuinama siku nzima ukiokota na kunyonyoa korosho. Msimu huo punguza hadi dakika 20, kadi na kusikiliza tu, ambavyo unaweza kuvifanya hata shambani mkikaa kupumzika, na spika ya sikio moja. Kazi nzito ya kuandika na kusoma iwekwe kati ya Aprili na Agosti. Na mzazi anayesoma hapa: malipo ya korosho yakiingia, memori kadi na kaunta buku ni gharama ndogo kuliko sare.

Kusikiliza: hapa ndipo pa kutumia nguvu

Wanafunzi wengi "husikiliza" kwa kuacha sauti ilie huku wakifanya mambo mengine. Hiyo haifundishi chochote kwa anayeanza. Chukua sauti moja ya dakika mbili hadi sita, ikae nawe siku tatu.

Siku ya kwanza isikilize yote bila kusimamisha na bila maandishi, kisha andika kwa Kiswahili sentensi moja: nani anazungumza, kuhusu nini. Isikilize tena. Umeelewa robo? Inatosha kuanzia.

Siku ya pili fanya imla. Chagua dakika moja tu, cheza sekunde tano hadi kumi, simamisha, andika neno kwa neno ulichosikia kwa Kiingereza. Usiposikia, acha pengo. Rudia kipande kimoja mara tatu, si zaidi. Kisha fungua maandishi na usahihishe kwa kalamu nyekundu.

Sasa angalia makosa yako, maana hayafanani. Kosa la aina ya kwanza: neno hulijui kabisa, liende kwenye kadi. La pili: neno unalijua ukiliona, ila sikio halikulitambua. Hapo ulikuwa na matamshi yako kichwani, tofauti na yao. Litamke kwa sauti mara kumi pamoja na sauti. La tatu, ndilo linalowasumbua wengi: maneno yameungana. Mtu amesema "picked it up", wewe umesikia "piktitap" ukadhani ni neno moja geni. Kiswahili hutamka kila silabi waziwazi. Kiingereza humeza silabi na kugandisha mwisho wa neno na mwanzo wa linalofuata. Ukishajua hivyo utaanza kuyasikia.

Siku ya tatu soma maandishi kwa sauti sambamba na mzungumzaji, ukimfuata kama kivuli: kasi yake, mapumziko yake, mpandisho wa sauti yake. Mara nne au tano. Kisha funga maandishi usikilize mara ya mwisho.

Matamshi machache yenye faida kubwa

Sauti mbili Kiswahili kimeshakupa, ni kuzitumia tu. "Think" ina "th" ya thamani. "This" ina "dh" ya dhahabu. Anayesema "selasini" na "zahabu" atasema "sink" na "zis", kwa hiyo arekebishe Kiswahili chake kwanza. R na l nazo zinachanganywa sana huku kwetu: "rice" ni wali, "lice" ni chawa. Kwa l ncha ya ulimi inagusa ufizi wa juu na kukaa. Kwa r ya Kiingereza haigusi popote. Fanya mbele ya kioo.

Tofautisha "ship" na "sheep", "live" na "leave". Ya kwanza fupi na mdomo umelegea, ya pili ndefu na mdomo umetanuka kama unatabasamu.

Mkazo: Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, Kiingereza huutupa popote. Bahati nzuri istilahi za masomo zina utaratibu. Zinazoishia na "-tion" zinafuata desturi yetu: respiRAtion, germiNAtion, popuLAtion. Zinazoishia na "-logy" na "-graphy" hupeleka mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho: biOlogy, geOgraphy. Jifunze hizo mbili, utakuwa umerekebisha maneno mengi ya darasani kwa mkupuo mmoja.

Vitendo vya wakati uliopita haviishii na "-edi". "Walked" inaishia na t, "played" inaishia na d, na ni zile tu zenye t au d kabla ya "-ed", kama "wanted" na "needed", zinazoongeza silabi.

Maneno: saba kwa siku

Saba, si thelathini. Maneno mapya saba kwa siku tano ni 35 kwa wiki, na orodha ya maneno ya msingi kama 2,800 hubeba karibu asilimia 90 ya matini ya kawaida ya Kiingereza. Anayejitwisha thelathini siku ya kwanza atakuta kadi mia za marudio wiki inayofuata, ataziacha zote.

Kata boksi la sabuni upate kadi za ukubwa wa kiganja. Mbele andika sentensi nzima yenye pengo, nyuma andika neno na maana yake kwa Kiswahili. Usiandike neno peke yake. Mfano, mbele: "My father ______ raw cashew nuts at the auction." Nyuma: "sells, anauza". Hivyo unajifunza neno, herufi s ya nafsi ya tatu na "at" kwa pamoja. Kadi zikae katika mafungu matano: la kwanza rudia kila siku, la pili kila baada ya siku mbili, la tatu siku nne, la nne siku nane, la tano siku kumi na sita. Ukipatia, kadi inapanda fungu. Ukikosea, inarudi la kwanza bila huruma. Mwenye simu yake anaweza kutumia AnkiDroid, programu ya bure inayofanya kazi bila mtandao.

Kadi za mwanzo kabisa ziwe za maneno ya amri ya mtihani: state, mention, define, outline, describe, explain, distinguish. Mwanafunzi anayeijua photosynthesis vizuri hupoteza alama kwa sababu ameambiwa "explain", yeye akataja tu.

Kuandika: makosa yanayotoka kwenye Kiswahili chetu

Andika mistari kumi mara mbili kwa wiki. Makosa mengi ya wanafunzi si ya ujinga. Ni sarufi ya Kiswahili iliyovalishwa maneno ya Kiingereza, kwa hiyo yanatabirika:

- "My mother she goes to the market." Kiswahili kinadai kiambishi "a-" hata mama akiwa ametajwa. Kiingereza hakitaki: "My mother goes to the market."
- "The book which I bought it." Ile "-ki-" ya "nilichokinunua" imepenya. Sahihi: "The book which I bought."
- "Although it was raining, but we went." Ingawa na lakini vinakaa pamoja kwetu, kwao chagua kimoja.
- "We discussed about the problem." Ondoa "about".
- "I am agree", "I am go". "Na-" ya "nakubali" si "am". Sema "I agree", "I go", au "I am going".
- "I have seen him yesterday." Ukitaja wakati uliokwisha, kama jana au mwaka 2023, tumia "saw". "Have seen" ni pale wakati haujatajwa.
- "He" kwa mama na "she" kwa baba. "Yeye" haijali jinsia, hivyo kosa hili huondolewa kwa kusema kwa sauti tu. Elezea watu wa familia yako mmoja mmoja kila jioni kwa wiki moja.

Usiyarekebishe yote kwa pamoja. Chagua kosa moja kwa wiki, liandike juu ya ukurasa, na kila ukimaliza kuandika pitia mara moja ukilitafuta hilo tu.

Programu za kutafsiri na za akili unde zinafaa kama zinasahihisha, zinaharibu kama zinaandika kwa niaba yako. Andika kwanza kwenye daftari, kisha ipe kazi hiyo pamoja na agizo hili: "Show my mistakes one by one and explain each in simple English. Do not rewrite my text." Sahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Ukipokea insha nzima iliyong'aa, umepata insha, hukupata Kiingereza.

Kuzungumza kwa sauti za WhatsApp

Grupu la watu wanne linatosha, na mmoja awe mtu mzima anayekizidi Kiingereza chenu: mwalimu wenu, dada aliyemaliza kidato cha sita, mwanachuo wa ualimu aliye likizo. Zaidi ya watu sita, waoga hawasemi.

Kila Jumatatu linatoka swali moja. Kila mtu anatuma sauti ya dakika moja kabla ya Jumatano. Sauti ya namna hiyo haifiki nusu MB, kwa hiyo bando si kisingizio. Sharti ni moja: husomi kwenye karatasi. Andika maneno matano ya kukumbushia, basi. Anayesahihisha anataja jambo moja zuri na kosa moja, kwa sauti, na mwenye kosa anarudia sentensi sahihi. Akisahihisha makosa kumi kwa mkupuo, wiki ijayo hakuna atakayetuma.

Mwalimu wa kulipwa wa mbali mchukue kwa mwezi wa majaribio kwanza. Omba aisahihishe karatasi yako moja kabla hujalipa. Akirudisha alama tu bila maelezo, tafuta mwingine. Mzazi au mlezi awe ndani ya mazungumzo yote, malipo yapitie kwake, na mtu yeyote anayemtaka mwanafunzi wahamie kwenye mazungumzo ya siri au atume picha, mfute siku hiyohiyo na umwambie mzazi.

Kujipima, na kuukaribia mtihani

Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na nakala za majibu mazuri na mabaya na sababu zake. Wanafunzi wachache huzifungua. Pakua ya somo la Kiingereza ya miaka miwili iliyopita, jibu swali wewe kwanza, kisha linganisha jibu lako na yale mawili. Alama za kidato cha nne zinajulikana: D inaanzia 30, C inaanzia 45, B 65, A 75. Anayetoka D kwenda C mara nyingi hukusanya alama zake kwenye ufahamu, muhtasari na barua, si kwenye insha ya maneno makubwa.

Kila baada ya wiki nane jirekodi tena kwa swali lilelile, "What did you do yesterday?", kisha ndipo uisikilize ya kwanza. Hesabu vitu vitatu: umenyamaza mara ngapi kwa zaidi ya sekunde tatu, vitendo vingapi umeviacha bila wakati uliopita, na sentensi ngapi umezimaliza. Rudia pia jaribio la maneno 100 kwenye ukurasa mpya. Kama maneno usiyoyajua yamebaki zaidi ya 10, angalia daftari: karibu kila mara kadi zimeachwa wiki ya tatu, au umekuwa ukisoma matini ngumu kuliko ngazi yako. Shusha matini ngazi moja, punguza maneno mapya hadi manne kwa siku, na uanze wiki nyingine nane.